Hukumu za Watazamaji wa Sinema katika Ukambani

Watu wa Kitui na Makueni wamesifiwa kwa mambo mengi: uchongaji wa vinyago, ngoma za kuruka, ufugaji wa nyuki, na subira ya kungoja mvua. Lakini liko jambo moja ambalo halijasifiwa vya kutosha, nalo ni ujuzi wao wa kuhukumu picha za sinema. Mtu wa huko akiisha kutazama picha hatoki kimya. Hutoa hukumu yake mbele ya watu, kama wazee wakatavyo shauri la mpaka wa shamba, na hukumu hiyo haina rufani.

Yafaa ikumbukwe jinsi ujuzi huo ulivyoanza. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham, waliweka makao yao Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, wakatengeneza picha zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika habari za kilimo, afya, kodi, na kuweka akiba ya fedha Posta. Mwaka wa 1939 Serikali ya Uingereza iliunda idara yake ya sinema kwa ajili ya makoloni, kwanza kwa habari za vita, na baadaye kwa habari za mbolea na vyoo. Hivyo ndivyo gari la sinema lilivyofika katika masoko ya mashambani. Shuka jeupe lilitundikwa, jenereta ikanguruma, wadudu wakakusanyika kabla ya watu, na mfasiri akashika kipaza sauti.

Huyo mfasiri ndiye aliyekuwa mchezaji mkuu wa kila picha, ingawa jina lake halikuandikwa katika shuka. Mzungu katika picha alisema maneno mawili, naye mfasiri akasema ishirini, akiongeza methali, na kumwonya kijana aliyekaa juu ya mti ashuke. Watu wengi walirudi nyumbani wakikumbuka maneno yake zaidi ya maneno ya picha.

Kuhusu picha hizo za mafundisho kimekuwa kikisimuliwa kisa kimoja kwa miaka mingi. Watazamaji wa kijiji fulani cha Afrika walionyeshwa picha ya usafi. Ilipokwisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Wenye picha walishangaa, maana hawakujua kwamba kuku yumo. Walipoitazama tena polepole, kweli kuku alikuwa amepita pembeni kwa muda wa kitambo kidogo. Wataalamu wa Ulaya waliandika mengi juu ya kisa hicho, wakidhani kinaonyesha kwamba Mwafrika hajui kutazama picha. Lakini mkulima yeyote wa Mbooni angewaambia kwamba ndivyo atazamavyo mtu mwenye mali. Mafundisho ya kufunika pipa la taka yatarudiwa kesho. Kuku aliyefungukiwa akienda zake harudi.

Katika habari za udongo, watazamaji wa Ukambani walikuwa na haki ya pekee ya kukosoa. Picha za kuzuia mmomonyoko zilionyesha matuta yaliyonyooka kama mstari wa rula, yakichimbwa na watu waliovaa nguo safi, nao hawakutoka jasho. Wanawake wa vikundi vya mwethya, ambao ndio waliochimba matuta ya kweli katika vilima vya Kilungu na Mbooni, waliuliza swali moja tu: mbona jembe la mtu yule haligongi jiwe? Tena historia imewapa ushindi. Namna ile ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu wa mteremko, iliyoenea Ukambani katika miaka ya 1950, imeandikwa katika vitabu vya kilimo vya dunia kwa jina lake la Kiswahili, yaani fanya juu. Walioletewa mafundisho kwa gari wakawa ndio wanaotajwa na walimu.

Baada ya mafundisho ilikuja zawadi, nayo mara nyingi ilikuwa picha ya kuchekesha. Hapa Charlie Chaplin hakupata mpinzani. Hakuhitaji mfasiri, maana mtu akianguka ameanguka kwa lugha zote. Katika picha yake ya mwaka wa 1925, The Gold Rush, yumo katika nchi ya theluji bila chakula, akapika kiatu chake, akakila kwa adabu kama mtu alaye nyama ya Krismasi. Watu waliopata kuonja njaa walicheka kuliko wote, kwa sababu walijua kwamba jambo hilo si mbali sana na kweli. Hata hivyo kasoro moja ilionekana: kiatu cha Chaplin kilikuwa cha ngozi. Mtu wa Kitui aliyevaa akala za mpira wa gari hana tumaini hilo. Akala haziivi, hata ukizichemsha tangu Jumatatu hadi siku ya soko.

Sasa yafaa kuingia katika picha zinazowahusu watu wa Makueni kuliko zote, yaani picha za simba na uwindaji. Hollywood iliipenda sana nchi hii, lakini haikuwauliza wenyeji wake. Katika King Solomon's Mines ya mwaka wa 1950, iliyopigwa Kenya na nchi jirani, bibi mmoja Mzungu aliyechezwa na Deborah Kerr anasafiri porini kwa miguu. Nywele zake zinamsumbua, naye anazikata mwenyewe kwa mkasi kando ya maji. Mara zinatokea zimepangwa vizuri na kung'aa kuliko za bibi arusi. Akina mama wamesamehe mambo mengi katika picha ile, pamoja na mbio za wanyama na hazina ya mfalme, lakini nywele zile hawajazisamehe. Mwenye mkasi wa namna hiyo angefungua duka Wote na kutajirika.

Mwaka wa 1953 ilikuja Mogambo, ya mwongozaji John Ford, pamoja na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Jina lenyewe lina mlio wa Kibantu, lakini halimo katika Kiswahili wala halina maana kwa Mkamba. Habari ya picha ni wanawake wawili wanaomgombea mwindaji mmoja katikati ya wanyama wakali. Hukumu ya wazee ni fupi: shauri lile lingemalizwa kwa mbuzi wawili na kikao cha asubuhi moja, na sokwe wasingehitaji kusumbuliwa. Hatari! ya mwaka wa 1962, iliyopigwa Tanganyika, ilipata heshima zaidi, kwa kuwa wachezaji wenyewe, John Wayne akiwamo, waliwafukuza vifaru kwa magari na kuwakamata. Hapo mtazamaji aliona hofu ya kweli katika nyuso za watu, na hofu ya kweli ni kitu anachokijua.

Lakini kesi kubwa ni ya simba wa Tsavo. Kila anayepanda gari la moshi kwenda Mombasa hupita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, ndipo afike Tsavo, ambako mwaka wa 1898 simba wawili waliwala wafanyakazi wa reli waliokuwa wakijenga daraja. Kanali Patterson aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huo, akaandika kitabu mwaka wa 1907, na ngozi zao zikauzwa mwaka wa 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, ambako simba hao wamesimamishwa mpaka leo. Patterson alipata kudai kwamba walikula watu 135. Wataalamu waliopima mifupa na nywele zao walikadiria mwaka wa 2009 kwamba walikuwa kama 35. Hata hivyo 35 ni wengi, hasa kwa wale 35.

Hollywood imewarudia simba hao mara kwa mara. Mwaka wa 1952 ilitoa Bwana Devil, picha ambayo watazamaji wa Marekani waliivalia miwani ya pekee ili simba aonekane kama anawarukia mapajani. Mtu wa Mtito Andei ashangae nini? Yeye hana haja ya miwani ili simba amkaribie. Kama ingepatikana miwani ya kumfukuza, hiyo angeinunua kwa bei yoyote. Kisha mwaka wa 1996 ikaja The Ghost and the Darkness. Picha hiyo ilipigwa Afrika Kusini, simba wake wakuu walitoka katika bustani ya wanyama ya Kanada, na mwindaji mkuu aliyechezwa na Michael Douglas hakuwapo kabisa katika habari ya kweli. Tena simba wale wana manyoya mengi shingoni, hali simba wawili wa Tsavo walikuwa madume yasiyo na manyoya hayo. Yaani kati ya nchi, simba, na mwindaji, hakuna hata kimoja kilichotoka Tsavo. Kilichobaki ni jina, nalo liliazimwa bila ruhusa.

Picha nyingine haikuchekesha sana. Mwaka wa 1951 kampuni ya Ealing ya Uingereza ilitoa Where No Vultures Fly, iliyoongozwa na Harry Watt, kwa kufuata kazi ya Mervyn Cowie, mwanzilishi wa mbuga za taifa za Kenya. Ni picha nzuri yenye wanyama wengi, nayo ilionyeshwa London mbele ya jamaa ya kifalme. Ndani yake yumo Mzungu mwema anayelinda wanyama, na wamo wezi wa pembe. Sasa, mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka wa 1948, na sehemu kubwa yake ilikuwa nchi ya uwindaji ya Wakamba na Wawaata tangu zamani. Mababu wa Ikutha na Kibwezi walipeleka pembe pwani karne moja kabla ya Bwana Cowie kuzaliwa, na sumu ya mishale yao ilijulikana kote. Mwaka wa 1948 walilala wawindaji, wakaamka wezi, wala hawakutoka nyumbani mwao.

Si haki kusema kwamba picha ile ilidanganya. Katika miaka ya 1970 na 1980 bunduki ziliwaua ndovu wa Tsavo kwa maelfu, na kama wasingekuwapo walinzi, leo watoto wa Makueni wangewajua ndovu kwa picha tu. Lakini mtazamaji wa Ukambani aliona upungufu mmoja. Katika picha nzima hakuna mahali ambapo ndovu anaingia katika mahindi usiku, na asubuhi mwenye shamba anasimama kati ya mabua akihesabu kilichobaki. Mtu huyo angeonyeshwa kwa dakika tano tu, picha ingekuwa kamili, na pengine walinzi na wenye mashamba wangeelewana mapema zaidi.

Picha za vita na ngumi zinapendwa sana na vijana, na hapa wazee wana maneno yao. Bruce Lee alifariki mwezi wa Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32, mwezi mmoja kabla ya Enter the Dragon kuonyeshwa, na miongo mingi baadaye watoto wa vijijini waliendelea kurusha mateke kwa jina lake. Kinachowashangaza wazee ni adabu ya adui zake. Wamemzunguka watu kumi, lakini wanamjia mmoja mmoja, kila mtu akingoja zamu yake. Foleni iliyonyooka namna ile haijapata kuonekana katika zahanati yoyote.

Commando ya mwaka wa 1985, ya Arnold Schwarzenegger, iliingia katika vibanda vya video na kuwajaza watoto ndoto za bunduki. Mtu mmoja katika picha ile anamaliza jeshi zima. Hapo ndipo hukumu ya askari wa zamani ilipokuwa na uzito, maana vijana wengi wa Ukambani waliandikwa katika King's African Rifles, na wengine walipigana Burma katika mwaka wa 1944, wakipita katika bonde la Kabaw penye matope na malaria.

“Babu, huyu ni komando,” mjukuu humweleza.

“Nimemwona, mjukuu wangu. Sasa nionyeshe anayembebea risasi.”

“Hana mtu, babu. Yuko peke yake.”

“Basi hiyo si vita. Huko Burma, kwa kila aliyepiga bunduki, walikuwapo waliobeba masanduku, waliopika, na waliozika. Hao mbona hawamo?”

Swali hilo halijajibiwa na Hollywood mpaka leo.

Kwa upande mwingine, picha za Kihindi hulaumiwa kwa urefu wake. Sholay ya mwaka wa 1975 inapita saa tatu, na mtu aweza kupeleka mahindi kwenye kinu, akangoja zamu, akarudi na unga, akamkuta Gabbar Singh bado anacheka. Nyimbo nazo ni nyingi. Wapenzi hawawezi kukubaliana juu ya jambo lolote bila kuuzunguka mti. Lakini katika nyimbo hizo imo picha moja ambayo mkulima wa Ukambani akiipata hacheki. Ni Mother India ya mwaka wa 1957. Ndani yake mwanamke wa kijijini ana deni kwa mkopeshaji, mumewe amepoteza mikono na kuondoka, ng'ombe hawapo, na yeye mwenyewe anajifunga jembe la kukokotwa begani na kulivuta shambani. Kisha mafuriko yanakuja na kuchukua kilichobaki.

Hapo hakuna anayeuliza kwa nini jembe haligongi jiwe, maana linagonga. Wakamba wamezipa njaa zao majina, na mojawapo, ya mwanzo wa miaka ya 1980, iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nami nimeshika. Mtu alikuwa na fedha mkononi lakini chakula hakikuwapo dukani. Aliyeishi katika mwaka kama huo hahitaji mfasiri wa Kihindi. Basi hili ni jambo la kufikiriwa: picha zilizopigwa Kenya hazikumwonyesha mkulima wa Kenya, bali picha iliyotoka India ndiyo iliyomwonyesha.

Baada ya hapo ni vizuri kupumzika kwa mambo mepesi. Katika The Gods Must Be Crazy ya mwaka wa 1980, chupa ya soda inaanguka kutoka katika ndege, na watu wa Kalahari wanagombana juu yake hata mmoja wao anasafiri kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Kitui ugomvi huo usingekuwapo. Chupa ingeoshwa, ikatiwa asali, ikauzwa kando ya barabara kabla ya jua kuchwa. Na katika The Lion King ya mwaka wa 1994, simba anaitwa Simba. Kwa Mmarekani ni jina la fahari. Kwa msomaji wa Kiswahili ni kama mtu aliyenunua mbuzi sokoni, akafikiri siku tatu, akampa jina la Mbuzi. Kampuni yenyewe iliyafanya maneno “hakuna matata” kuwa alama yake ya biashara katika Marekani, nalo jambo hilo lilileta matata mengi mwaka wa 2018, watu wengi walipolalamika.

Yule mfasiri wa gari la sinema hakufa na gari lake. Amefufuka katika watu kama DJ Afro, Mkenya anayesimulia picha za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, akiwapa Wachina na Wamarekani majina ya hapa nchini, na kuwatia vinywani maneno ambayo hawakuyasema. Wasomi wengine humlaumu kwamba anaharibu picha. Lakini watazamaji wengi wa vijijini huikataa picha ileile isipokuwa na sauti yake. Na sababu yake ni ya haki: kwa miaka mingi wengine walisimulia habari za Afrika bila kuuliza, basi si vibaya Mwafrika naye akisimulia habari za Hollywood kwa namna apendavyo.

Walakini kusimulia picha ya mwingine si sawa na kushika kamera mwenyewe, na hapa Kitui imeandika jina lake. Mwaka wa 2017 ilitolewa Thank You for the Rain, picha ya kweli ya Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, iliyoongozwa na Julia Dahr wa Norway akishirikiana naye. Kisilu alipewa kamera, akapiga picha za jamaa yake na shamba lake kwa muda wa miaka kama mitano: ukame, mafuriko, mikutano ya majirani, na juhudi za kupanda miti. Ndani yake mvua iliyongojwa kwa muda mrefu inakuja na dhoruba, nayo inaharibu nyumba. Mwaka wa 2015 alikwenda Paris katika mkutano mkuu wa mataifa juu ya hali ya hewa. Huko aliwakuta wakubwa wa dunia wakijadili mvua ndani ya majumba, wala hakuna aliyetoka nje kutazama mawingu.

Katika picha hiyo mtazamaji wa Ukambani hapati la kusahihisha. Nchi ni nchi yake, udongo ni mwekundu kama anavyoujua, na mtu anayechoka amechoka kweli. Hayumo mwindaji aliyebuniwa wala simba wa Kanada. Yumo mume anayetaka kuwasaidia majirani wote, na yumo mke anayeachiwa shamba na watoto mumewe akiwa mikutanoni. Hapo wanaume hukohoa kidogo, na wanawake hutazamana.

Basi mkulima au karani atakayekwenda kutazama picha, iwe mpya au kuukuu, na aichunguze kama achunguzavyo mbuzi siku ya soko. Asitazame pembe tu, bali afungue mdomo na kuhesabu meno. Aulize nani abebaye risasi, nani alimaye, mahindi ya nani yameliwa. Akikuta majibu, na alipe kiingilio kwa moyo mkunjufu. Asipoyakuta, bado anaweza kucheka, maana kicheko hakitozwi kodi. Na iwapo kamera itamfikia mkononi, na aielekeze kwanza katika shamba lake, akiangalia kuku asipite bila kuandikwa.